Samaki Yule Ulimla Wewe Pia

Kwako Mama, uliyemzaa Didier,

Nimerudi jana kutoka matanga yako na mikono yangu bado inanuka mafuta. Nimeosha kwa sabuni, nimeosha kwa ndimu, harufu haitoki. Nakuandikia sasa hivi kabla haijatoka, maana najijua: harufu hii ikiisha nitaanza kukuhurumia, na leo sitaki kukuhurumia. Barua yenyewe naiacha wazi, aisome anayetaka. Jina langu liliharibiwa mbele ya watu, basi na haya yasomwe mbele ya watu.

Nilikuja kwako nikiwa sijui kukaanga hata yai. Kwetu Kisenge mama yangu alichemsha na alichoma. Mafuta yalikuwa kijiko kimoja cha kutia kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, basi. Didier aliponileta Dilala, mtaa wa Kolwezi, kwenye nyumba ile ya zamani ya kampuni uliyoachiwa na marehemu mume wako, ulinikuta siku ya pili nimesimama mbali na mbabula, lile jiko la makaa, nimenyoosha mkono kama mtu anayemlisha mbwa mkali, naangusha kipande cha samaki kwenye karai. Mafuta yakaruka. Nikapiga kelele. Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

“Mafuta haina shida na weye, mutoto yangu,” ulisema. “Iko na shida na mayi. Pangusa samaki kwanza.”

Ukanionyesha namna ya kumtoa maji. Samaki hupasuliwa mgongoni, hutiwa chumvi, hupanguswa kwa kitambaa kikavu ndani na nje, hata chini ya mashavu, halafu huachwa kidogo apigwe na upepo. Ulinifundisha kupima mafuta kwa tone la unga uliokorogwa wa bitumbula, maandazi yetu madogo ya mviringo. Tone likikaa chini, ngoja. Likiruka juu na kuwa jeusi papo hapo, ondoa makaa mawili matatu. Likishuka, likatulia, kisha likapanda polepole na mapovu madogo pembeni, hapo anza. Viazi vitamu ulivikata vinene na kuvipa moto wa wastani. Kuku ulimchemsha kwanza kwa kitunguu na chumvi, kwa sababu kuku mbichi akitupwa kwenye mafuta hukudanganya: nje amekuwa mwekundu, kwenye mfupa bado kuna damu. Ndizi ulizitaka zile zilizoanza madoa meusi. Bitumbula ulivikamua kati ya kidole gumba na cha shahada, vikadondoka mviringo, na vyangu vikawa na mikia kama viluwiluwi mwaka mzima, nawe hukuchoka kunicheka.

Na samaki mwisho. Hilo ulilirudia kila asubuhi. “Ikishaingia samaki, mafuta ni yake. Usitie tena kitu ingine.” Jioni mafuta yale uliyamwaga shimoni nyuma ya nyumba, hata kama majirani walisema unaharibu mali. Nataka wasomaji walishike hilo. Hukuwahi kukaangia watu mafuta ya jana, wala mimi.

Tulikaa kando ya ukuta tukiuza, wewe kwenye kigoda chako, mimi kwenye debe. Watu wa taksi-moto, zile pikipiki za abiria, walisimama bila kuzima injini, wakachukua bitumbula vitatu na kuondoka navyo mdomoni. Wachimbaji walikuja na vumbi mpaka kwenye kope, wanaongea lugha za kila pembe ya nchi, wakitaka samaki na bukari, ugali wetu, na pilipili nyingi. Wewe uliwaita wote “mutoto yangu”. Lakini mimi ulinionyesha kwa kidole ukiwaambia, “Na huyu njo mutoto yangu wa kweli. Bale bengine nilibazala tu.” Didier, uliyemzaa mwenyewe, akisikia hivyo alijifanya amekasirika, anaweka chini chombo chake cha kulehemu, anakuja kuiba kiazi cha moto na kuungua vidole.

Mwaka wa nne nilikuwa bado sijazaa. Unakumbuka siku ambayo Tata Donat, mdogo wa baba mkwe, alikuja na wazee wawili na kukaa sebuleni? Aliyekuwa akikaanga siku hiyo ni wewe. Niliyekuwa sebuleni nimeinamisha kichwa ni mimi. Tata Donat alisema Didier atafutiwe mwanamke mwingine, mimi nirudishwe kwetu. Didier alianza kujibu, lakini wewe ulikuwa umeshaingia, kijiko cha kukaangia mkononi kinadondosha mafuta sakafuni.

“Huyu ni mutoto yangu,” ulisema. “Mwenye kumufukuza, anifukuze miye kwanza.”

Wazee waliondoka bila hata kunywa maji. Nililia siku ile nikiwa nakata viazi, na wewe ukasema kitunguu ni kikali, ingawa hapakuwa na kitunguu.

Kwa hiyo usiniambie, Mama, kwamba hukuwa na mdomo. Niliuona. Niliusikia ukifanya kazi.

Halafu Didier akaugua. Tuliishi pamoja sote watatu, unajua kama mimi ninavyojua. Wiki ya kwanza homa, wiki ya pili kichwa na tumbo, wiki ya tatu akawa anakula vijiko viwili na kusukuma sahani. Tulimwambia aende hospitali. Alisema gari kubwa la watu linamngoja gereji, akimaliza kulilehemu ataenda. Alinunua vidonge dukani na kuvimeza na chai.

Jumamosi ile mchana nilikaanga samaki mmoja mkubwa kwa ajili yetu. Mafuta mapya; wewe mwenyewe ulifungua chupa. Ulikula kichwa kama kawaida yako, ukanyonya mifupa yote. Mimi nilikula ubavu. Didier alikula mkia, hata hakuumaliza, akaniachia nikaumalizia. Samaki mmoja, sahani moja, vidole vyetu vyote mle ndani.

Jumapili tumbo lake likawa gumu kama ubao. Tulimbeba hadi hospitali. Daktari yule kijana mwenye miwani alitusimamisha kwenye baraza, wewe na mimi tu, akatuambia ni homa ya matumbo, imekaa muda mrefu, utumbo umetoboka, amechelewa kuletwa. Wewe ndiye uliyemuuliza. Mimi sikuwa na akili ya kuuliza.

“Dokta, ni ile samaki ya jana?”

“Hapana, mama. Ugonjwa huu iko ndani yake tangu wiki mingi. Chakula ya jana haina kosa.”

Uliitikia kwa kichwa. Ukasema, “Nasikia.” Neno hilo moja. Nimelibeba miaka minane: *nasikia*.

Didier alikufa Jumatatu.

Siku ya tatu ya matanga yake tulikuwa tumekaa kwenye mikeka uani, wanawake upande wetu, wanaume kwenye viti. Tata Donat akasimama. Hakuuliza daktari alisema nini. Aliuliza, “Alikula nini ya mwisho?” Mtu akajibu, samaki. “Nani alikalanga?” Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwako, bega kwa bega, na nilikuwa sina hofu. Naapa, Mama, sikuwa na hofu hata kidogo. Niliwaza: Mama atasimama sasa. Atawaambia alikula kichwa.

Ulikuwa unachomoa nyuzi za mkeka.

“Mama,” nikasema. “Baambie.”

Ukavuta kitenge ukajifunika kichwa.

Nakumbuka rangi ya kile kitenge, kijani na maua ya njano. Nilikitazama nikingoja kifunuke. Tata Donat alikuwa anaendelea kusema, mwanamke asiyezaa, mwanamke wa mbali, mafuta yaliyotiwa kitu, na mimi sikumtazama yeye kabisa. Nilikuwa natazama maua ya njano.

Kesho yake watu wa ukoo walichukua godoro, wakachukua vitenge, wakachukua redio ya Didier na karai na mbabula. Ulisimama mlangoni. Nilipopita na mfuko wangu mmoja ulinong’ona, “Enda kwanza, mutoto yangu. Enda tu.” Kana kwamba unanituma sokoni.

Nilijaribu kubaki Dilala. Nilipanga chumba barabara ya tatu kutoka kwako, nikaanza tena na sufuria ya kuazima. Siku ya kwanza msichana mdogo alinunua bitumbula viwili. Baada ya dakika chache mama yake, Mama Régine, jirani yako wa ukuta mmoja, alikuja navyo mkononi, akaviweka mbele yangu mezani, akaondoka bila kusema neno. Kimoja kilikuwa kimeng’atwa. Watu wa taksi-moto walipita wakiongeza mwendo. Mmoja alipiga kelele, “Ile ya kuua bwana!” na mwenzake akacheka. Niliendelea wiki mbili. Nilikaanga na kula mwenyewe, kisha nikaanza kuwapa mbwa wa mtaa, na mbwa walikula, na hakuna aliyekufa, na hakuna aliyeona kwamba hawakufa.

Ndipo nikahama kwenda njia ya Nzilo, karibu na ziwa, ambako hawanijui. Huko wavuvi wanaleta samaki bado anatikisika. Nilianza kibanda cha nyasi, sasa nina cha mabati. Watu wanatoka Kolwezi kwa gari kuja kula samaki wangu na hawajui mimi ni nani. Wakiniuliza nilijifunza wapi nasema, “Nilikuwa na mama mmoja.” Nasema hivyo, unaona? Miaka minane nasema hivyo, na moyo unaniwaka.

Tulikutana mara moja tu, soko kuu, kwenye chumvi. Ulinishika kifundo cha mkono. Nikawaza, leo. Ukanitazama juu mpaka chini, ukasema, “Unakonda, mutoto yangu.” Ukaenda. Nilisimama pale na chumvi yangu mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa.

Wiki iliyopita Solange alikuja kibandani. Binti yako amezeeka, Mama, ana mvi pembeni. Alishuka kwenye pikipiki na kilio na nikajua kabla hajasema.

“Yaya Clémentine, Mama ametuacha.”

Bado ananiita yaya, dada, kama zamani. Nikamkalisha. Nikampa maji. Akasema, “Alisema neno moja mbele ya kufa. Alisema weye njo ukalange bitu bya matanga yake. Alisema hata mara tatu. Asikalange mutu ingine.”

“Alisema nini tena?”

“Basi. Ile tu.”

“Juu ya Didier hakusema kitu? Juu ya daktari?”

Solange akainamisha kichwa. Halafu akaniambia lile ambalo wewe hukuniambia. Kwamba usiku wa kwanza wa matanga ya Didier, Tata Donat alikwambia nyumba ni ya ukoo wa kaka yake, na ukifungua mdomo kunitetea, tutatoka sote wawili, wewe na mimi. Ukanyamaza ubaki na nyumba.

Nilielewa. Naandika hapa ili usidhani mimi ni jiwe: nilielewa. Mwanamke mjane, miaka sitini na kitu, mvua inakuja, ataenda wapi? Ningekusamehe hofu ya siku ile. Ningekusamehe hofu ya mwezi. Lakini Tata Donat alipooza upande mmoja mwaka wa pili, hakuwa tena na nguvu ya kumfukuza hata kuku. Solange mwenyewe alisema. Miaka sita iliyobaki ulikuwa unamwogopa nani? Kutoka Dilala hadi kibandani kwangu ni safari fupi ya pikipiki. Watu wanaifanya kwa ajili ya mchana mmoja wa samaki.

Na mwishoni unaniachia kazi! Nilitaka kucheka. Najua ulichotaka, Mama, sikuzaliwa jana. Ulitaka watu wote wa Dilala wale kutoka mkononi mwangu, mbele ya maiti yako, na iwe imekwisha. Ulitaka viazi na kuku viseme badala yako. Mimi nisimame kwenye moshi siku nzima, nitokwe jasho, nikuombee msamaha wako kwa mikono yangu mwenyewe. Nilimwambia Solange sitakuja. Akaenda analia.

Asubuhi yake nikapakia karai zangu tatu.

Usifurahi. Sikuja kwa ajili yako. Nilikuja kwa sababu ya kitumbula kile kilichong’atwa.

Niliwasha moto uani kwako mahali palepale pa zamani. Nilikaanga kama ulivyonifundisha, maana sijui namna nyingine, na hilo nalo linaniudhi. Viazi vitamu kwanza, kisha ndizi, kisha bitumbula, na havina mikia siku hizi. Kuku nilimchemsha mapema. Samaki niliwapangusa mmoja mmoja. Wanawake walipita karibu wakisema “Jambo, mama” kwa sauti ndogo, na kuangalia ndani ya karai, na kuangalia chupa za mafuta.

Mchana watu wakapanga mstari na sahani. Walichukua viazi. Walichukua ndizi, bitumbula, kuku. Samaki walibaki. Rundo zima, wekundu, wamekauka vizuri, hakuna aliyegusa. Mmoja alisema ameshiba. Mwingine alisema samaki inamdhuru tumbo. Solange alisimama na uma mkononi na machozi yanamtoka.

Nikapanguza mikono. Sikupanga kusema, lakini nilisikia sauti yangu.

“Bamama na batata, munisikilize. Munanijua. Miye njo ile bibi mwenye mulisema aliua bwana yake na samaki. Ile samaki tulikula batatu. Didier alikula mukia. Mama huyu mwenye munalia leo alikula kichwa yote, na aliishi miaka munane. Daktari alituambia bawili: homa ya matumbo. Mama alisikia. Alinyamaza. Sasa amekufa, na miye sitanyamaza tena. Mwenye kuogopa samaki yangu, asikule. Lakini asiniambie ameshiba.”

Nilisikia mafuta tu, yanaungua, maana nilikuwa nimeyasahau motoni.

Kisha Tata Donat akaanza kuinuka kwenye kiti chake. Alikuja na fimbo, mguu mmoja unaburuta, sahani ameibana kwapani. Uani kote watu walimwachia njia. Akafika mbele yangu, akanyoosha sahani.

“Tia,” akasema.

“Sema kwanza.”

“Niseme nini?”

“Unajua.”

Mdomo wake umepinda upande, maneno hayatoki sawa. Akasema, chini chini, “Haukumuua.”

“Habasikie, Tata.”

Akanitazama. Nilidhani atanirushia sahani. Akageuka kwa watu, ameegemea fimbo yake, na akapaza ile sauti yake iliyovunjika:

“Hakumuua! Huyu bibi hakumuua Didier! Nilisema uongo!”

Nikachagua samaki mkubwa, nikamwekea. Alimla palepale amesimama, kwa mkono mmoja, mbele ya wote. Baada yake walikuja wengine, kwanza Solange, kisha wengi, mpaka rundo likaisha. Mama Régine alichukua wawili. Hakuniangalia, na mimi sikumsaidia.

Wewe ulikuwa umelala sebuleni, ndani ya sanduku lako, hatua kumi kutoka pale. Nilikuwa natazama mlango ule muda wote. Mama, mtu yule ninamchukia. Alinivua nguo mbele ya ulimwengu. Na bado, mzee mgonjwa mwenye nusu ya mdomo, alisema. Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kumgeuza samaki mmoja upande wa pili. Kumbe ni kitu kidogo hivyo. Kumbe kinawezekana. Wewe uliyeniita mutoto wa kweli ulikuwa na mdomo mzima, na miaka minane, na ukaniambia nimekonda.

Nimekulilia, sitasema uongo. Walipokuteremsha kaburini nililia mpaka Solange akanishika kiuno. Nililia kwa hasira, na nilimwambia hivyo, na akasema yeye pia.

Anataka nije siku ya kuvunja matanga. Aliniuliza jana nikiwa nafunga karai zangu kwenye pikipiki, akaongeza haraka kwamba watatafuta unga na mafuta mapema, nisihangaike na kununua. Nikamwambia nitakuja. Nitavaa vizuri, nitakaa kwenye kiti upande wa familia, na mtu mwingine atakaanga, sijali nani, hata kama viazi vitaungua. Nitakaa nimekunja mikono mpaka waniletee sahani.

Pumzika, Mama, kama unaweza. Mimi sijapumzika.

Mkwe wako, mke wa Didier,
Clémentine